Mvua ya Kolo, Maji ya Bahi

Siku mliponiaga mlinipa kipaza sauti niseme neno, nikasema mengi ambayo leo sikumbuki hata moja. Mama anayetupikia chai aliniambia baadaye kwamba yeye nilimshukuru mara mbili, na mkuu wa kituo sikumshukuru kabisa. Nimeona heri niandike. Kwenye karatasi mtu anaweza kufuta.

Habari za vyeo nitaziruka, maana mnazijua, na hazina faida kwa anayeanza kazi. Nitawaeleza nilivyoanza, kisha nitawaeleza safari moja iliyonichanganya hadi leo.

Niliripoti kituo cha hali ya hewa Dodoma mwezi wa Agosti, nimevaa viatu vya kisigino. Upepo wa Agosti mnaujua. Kufika saa nne viatu vimejaa mchanga, na nywele zangu nilizozitengeneza kwa siku mbili zimekuwa rangi ya barabara. Aliyenipokea ni Mzee Salumu, mtu wa mjini, ambaye babu zake walifika hapa na misafara ya zamani, wakachoka, wakabaki. Alinitazama viatu. Akanizungusha uwanjani: hiki kibanda cheupe chenye vipimajoto, hiki kipima upepo, hiki kipima mvua.

Kipima mvua alinipa mimi. Kila siku saa tatu asubuhi niende, nimimine maji kwenye gilasi yenye mistari, niinamishe macho mpaka yawe sawa na maji, nisome, niandike. Tatizo ni kwamba Dodoma mwezi wa Agosti hakuna mvua. Wala Septemba. Wala Oktoba. Nikawa kila asubuhi nakwenda kukagua kopo kavu na kuandika "hakuna". Wiki ya tano nikaona huu ni upuuzi, nikaandika "hakuna" nikiwa nimekaa mezani.

"Leo imenyesha kiasi gani?" Mzee Salumu akaniuliza.

"Hakuna, Mzee."

"Nenda kaangalie."

Nikaenda. Koponi mlikuwa na maji. Alikuwa ameyamimina mwenyewe, kikombe kizima, na alikuwa amesimama mlangoni ananitazama nikiyapima.

"Namba hainyeshi, binti yangu," akasema. "Linalonyesha ni wingu. Namba unaifuata hukohuko ilikoangukia."

Sikuandika tena nikiwa nimekaa. Ila mtaona kwamba somo hilo nililielewa nusu.

Nilipohamia upande wa utabiri, watu walinionea wivu. Hawakujua kwamba kwa miezi saba utabiri wa Dodoma unaweza kuandikwa siku moja na kufungiwa kwenye droo: jua, upepo, vumbi. Kazi inaanza Novemba. Hapo kila mtu anataka kukujua. Mwenye harusi anauliza Jumamosi, mwenye zabibu anauliza wiki ijayo, na mkulima wa mtama anauliza msimu mzima. Tangu wizara zihamie huku wameongezeka na wenye mahema ya mikutano. Na sisi tunawajibu: mvua zitakuwa za wastani hadi chini ya wastani. Nilisema maneno hayo redioni miaka mingi, kwa sauti nzuri, mpaka siku bibi mmoja wa Mvumi aliponiuliza kwa adabu kabisa, "Mwanangu, huyo Wastani anakaa kijiji gani? Maana naona mvua inapita kwake kwanza." Nilicheka. Kisha nikajaribu kumweleza, na nilipomaliza nikaona na mimi sielewi vizuri.

Sasa safari.

Mnajua kwamba ukiondoa kituo chetu, mvua ya nyanda hizi inapimwa na watu wa kujitolea: mwalimu, katekista, mama wa dukani. Kila mmoja ana kipima mvua uani kwake na daftari, na siku hizi anatuma namba kwa simu. Mimi nilikuwa mpokeaji wa namba zao. Wawili kati yao ndio wa habari hii. Wa kwanza ni Mwalimu Issa wa Kolo, huko Kondoa, Mrangi, mwalimu mstaafu wa hesabu. Wa pili ni Mama Sechelela wa Bahi, mkulima wa mpunga, Mgogo mwenzangu, mtu wa maneno machache.

Kwa misimu mitatu namba za Kolo zilikuwa kubwa na za Bahi zilikuwa ndogo. Hilo halikunisumbua, kwa sababu nilikuwa na maelezo. Kolo kuna vilima, na vilima huvuta mvua. Bahi ni bondeni, kwa hiyo wingu linapita juu. Na watu waliponiambia kwamba Bahi maji yamejaa mashambani ingawa namba za mvua ni ndogo, maelezo yangu yalizidi kunoga: mto Bubu unatoka Kondoa na kuishia kwenye mbuga ya Bahi, kwa hiyo maji ya Bahi ni mvua ya Kolo iliyosafiri. Niliwahi kuyatoa maelezo haya kwenye semina, na ramani yenye mishale. Nilipigiwa makofi.

Mabwana shamba walizitumia namba zangu. Kolo wakawaambia watu mvua inatosha, pandeni mahindi. Bahi wakawaambia mvua ni kidogo, shukeni bondeni zaidi mkauwahi unyevu.

Mwaka wa nne, mwezi wa Februari, zikaja barua mbili wiki moja. Ya Kondoa ilisema mahindi ya Kolo yamekauka na watu wameanza kuuza mbuzi, ilhali ofisi inasema mvua ni nzuri. Ya Bahi ilisema vitalu vya mpunga vimezama. Mkuu wa kituo aliziweka mezani kwangu sambamba.

"Mama, nieleze," akasema.

Nikaanza habari ya vilima. Katikati ya sentensi nikanyamaza, maana mahindi hayakauki kwa kunyeshewa sana. Kilichonijia kichwani ni jibu moja tu, na ninaliona aibu kuliandika: Mwalimu Issa anatunga namba. Amezeeka, amechoka kwenda uani, anaandika akiwa amekaa. Nilimhukumu kwa kosa langu mimi la wiki ya tano.

Tuliondoka Jumatatu, mimi na dereva wetu Mrisho. Gari lilikuwa limetoka Kizota kutengenezwa springi, likarudi na mlio mpya mahali pa ule wa zamani. Mpango ulikuwa mzunguko mzima wa vituo vya kujitolea: Kondoa, Kolo, Babati, Singida, Manyoni, Bahi, na kurudi mjini. Siku nne, tano.

Kondoa nilimwomba Mrisho tuuone kwanza ule mto wangu wa semina. Tukasimama ukingoni. Ulikuwa mchanga mtupu. Katikati kinamama wawili walikuwa wamechimba shimo na wanachota maji kwa kata, kidogo kidogo.

"Mto ndio huu?" Mrisho akauliza.

"Ndio huu."

"Unaopeleka maji Bahi?"

Nilikuwa nimeshika karatasi ya namba za Kolo za mwezi ule, na kwa karatasi ile mto ulipaswa kuwa umejaa kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Nilimuuliza mmoja wa wale kinamama kama mvua imenyesha. Akasema imenyesha. Nikamuuliza yule wa pili. Akasema haijanyesha. Wakatazamana, na wa kwanza akasema, "Imenyesha, lakini si mvua." Niliandika jibu hilo kwenye daftari na sikujua niliweke safu gani.

Kolo tulifika alasiri. Mwalimu Issa alikuwa uani, kofia kichwani, anafagia kuzunguka kipima mvua chake. Uzio umenyooka, hakuna mti karibu, mdomo wa kopo umelala sawasawa. Nimeona vituo vya serikali visivyotunzwa hivyo.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Karibuni. Mmekuja kwa ajili ya mahindi?"

Shamba la jirani lilikuwa mbele yetu. Majani yalikuwa yamejikunja kama tumbaku. Mwenye shamba, Bi Zuhura, mjane, alikuwa anakata mabua ya kulisha ng'ombe, na aliponiona na gari la ofisi alisimama, panga mkononi, akanitazama tu.

Nilimuuliza Mwalimu bila kuzunguka. "Mwalimu, namba hizi unazipima au unazikadiria?"

Aliegemeza ufagio uzioni. Kisha akasema taratibu, "Unaniuliza kama nasema uongo."

"Nauliza jinsi unavyopima."

"Lala hapa. Kesho saa tatu utaona."

Tukalala nyumba ya wageni. Alfajiri ilinyesha manyunyu ya robo saa, vumbi likatulia kidogo. Saa tatu kamili Mwalimu alitoka na gilasi yake kwenye kitambaa safi. Akamimina maji, akaiweka juu ya jiwe bapa, akapiga goti, akasoma. Kisha akasogea nami nikapiga goti, nikasoma. Tulisoma namba moja. Alikuwa amepima vizuri kuliko ninavyopima mimi. Na namba ile ilikuwa ya mvua ya maana, mvua ya kulowesha shamba, ilhali mimi nilikuwa nimepiga goti kwenye udongo ambao chini ya kina cha ukucha mmoja ulikuwa mkavu.

Nilisimama nikiwa sielewi chochote. Macho yangu yalisema mvua haikunyesha, na gilasi ilisema imenyesha, na mimi maisha yangu yote nimefundisha watu kuiamini gilasi. Nikafanya jambo la mtu aliyechanganyikiwa mwenye madaraka: nikachukua gilasi na madaftari yake, nikasema tunakwenda kuvichunguza ofisini. Mwalimu alinifungia gilasi kwenye kile kitambaa. Tulipoondoka alikuwa amesimama karibu na kopo lake, hana cha kupimia.

Babati, Katesh, Singida. Mrisho aliendesha na mimi nikasoma madaftari magotini, nikitafuta siku aliyodanganya. Sikuipata. Maandishi yalikuwa yaleyale, wino uleule, na siku za ukavu ameandika "hakuna" kama Mzee Salumu alivyotaka. Singida kwenye kituo cha mafuta Mrisho aliniambia, "Mama, labda ule mlima unanyesha kwenye kopo tu." Alikuwa anatania, lakini nilikaa nikiifikiria kwa dakika kadhaa. Ndiko nilikokuwa nimefika.

Kutoka Manyoni barabara inashuka ukingo wa bonde, na huko chini tuliona Bahi inang'aa. Maji. Hayakuwa ya mto, maana mto niliuacha ukiwa mchanga. Usiku uliopita ilikuwa imenyesha hapo hapo, na bodaboda walikuwa wanasukuma pikipiki zao kwenye tope, suruali zimekunjwa.

Mama Sechelela alitupokea nje. Ndani hakukukalika. Ghala lake la mtama lilikuwa limeingia maji, na nafaka ilikuwa imeanikwa juu ya maturubai, imeanza kunuka.

"Mbukwenyi," nikamsalimu kwa Kigogo. Akaitikia, kisha akasema kwa Kiswahili, ili na Mrisho asikie, "Nyie mlisema mvua ni kidogo, tushuke bondeni. Tukashuka."

"Mama, namba ndogo ulizituma wewe."

"Nilituma alichosema kioo."

"Leo umepima?"

"Bado. Nilikuwa natoa mtama majini."

Tukaenda wote kwenye kopo. Lilikuwa na maji mengi, nililihisi uzito mkononi. Akayamimina kwenye gilasi yake, na maji yakapanda kidogo tu, kama mvua ya mchezo. Tulikuwa tumesimama kwenye maji ya kifundo cha mguu tukisoma namba ya manyunyu. Mama Sechelela akanitazama kama vile Bi Zuhura alivyonitazama.

Hapo ndipo nilipoitazama gilasi yenyewe badala ya maji. Ilikuwa nene. Nilikuwa nimekaa na gilasi ya Kolo magotini siku mbili, na mkono wangu uliujua wembamba wake.

Nilimwambia Mrisho alete kile kitambaa. Nikaziweka gilasi mbili juu ya boneti ya gari. Kwenye kitako cha kila moja kuna maandishi madogo yanayotaja upana wa kopo ambalo gilasi imetengenezewa. Ile ya Kolo ilisema kopo la mdomo mwembamba. Ile ya Bahi ilisema kopo la mdomo mpana. Nami nilijua, kama ninavyolijua jina langu, kwamba kopo la Kolo ni pana na la Bahi ni jembamba.

Wale wa ofisini walielewe hili vizuri. Kopo pana linakinga maji mengi zaidi kwa mvua ileile, ndiyo maana gilasi yake ni nene. Ukiyamimina maji yake kwenye gilasi nyembamba yanapanda zaidi ya mara mbili. Ukifanya kinyume chake, yanashuka chini ya nusu. Nikamimina maji ya Mama Sechelela kwenye gilasi ya Mwalimu. Yakapanda mpaka pale palipostahili kwa maji tuliyosimama ndani yake.

"Nani aliyeleta hivi vioo?" Mama Sechelela akauliza.

"Mimi."

Miaka minne nyuma gilasi zao zote mbili zilivunjika kipindi kimoja, nami nilizifungia mpya kwenye maboksi mawili mchana mmoja na kuzipeleka stendi. Mama Sechelela alifikiri, akasema, "Basi lete hicho, chukua hiki," akarudi kwenye mtama wake. Mrisho alinisaidia kuugeuza mpaka jioni. Sikuwa na jambo lingine la maana la kufanya.

Kufika Dodoma nilikwenda moja kwa moja kwenye kitabu cha kutoa vifaa. Hapa ndipo ninapochanganyikiwa mpaka leo. Kitabu kinasema, kwa mwandiko wangu: Kolo, ya kopo pana; Bahi, ya kopo jembamba. Kitabu ni sahihi. Nakumbuka hata kuandika jina la Kolo kwenye boksi la Kolo. Basi zilibadilishana wapi? Mezani? Stendi? Sijui. Mkuu aliniuliza nani aliyekosea, nikasema ni mimi, ingawa kitabu kinakataa. Akaandika hivyo. Tulizisahihisha namba za miaka yote kwa hesabu, isipokuwa majuma machache ya mwanzoni, ambayo hatujui kama walikuwa bado wanatumia gilasi za kuazima. Hayo nimeyaacha wazi kwenye rekodi, na mkiyaona msiyajaze.

Jumatatu iliyofuata niliomba gari nirudi Kolo. Nilimkuta Mwalimu Issa palepale uani. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, nikamwomba radhi. Aliingia ndani, akatoka na bahasha. Ndani yake mlikuwa na nakala ya barua yake ya miaka minne iliyopita: *Gilasi mpya ni nyembamba kuliko ya zamani. Naomba kuthibitishiwa kama ni sahihi.* Na chini yake jibu la ofisi, mstari mmoja: *Ni sahihi, endelea kutumia.* Sahihi ilikuwa yangu. Sikumbuki kuisoma barua ile wala kuijibu. Nadhani niliijibu nikiwa nimekaa.

"Kwa nini hukunionyesha siku ile, Mwalimu?"

"Uliniuliza kama nasema uongo. Hukuniuliza habari ya gilasi."

Akaipokea gilasi nene, akaigeuza, akasoma maandishi ya kitakoni. Kisha akachukua rula akapima mdomo wa kopo, mara mbili, mbele yangu. Aliporidhika akasema, "Sasa twende ukawaambie wenyewe."

Watu walikusanyika ofisi ya kijiji, si wengi. Niliwaambia kwamba kwa miaka minne nimewapa mvua ambayo haikunyesha. Hakuna aliyepaza sauti. Mzee mmoja aliuliza kama mbuzi aliowauza watarudi, na hakungoja jibu. Kisha Bi Zuhura akasimama.

"Mama, msimu ujao nipande nini?"

Nilikuwa nimeshajibu swali hilo redioni miaka yote, kwa wilaya nzima kwa mkupuo. Nikafungua mdomo, na maneno ya wastani na chini ya wastani yakakataa kutoka.

"Sijui, Bi Zuhura. Kwa namba zilizosahihishwa, ningepanda uwele. Lakini nimeshakosea sana hapa."

Alifikiri. "Basi nusu uwele, nusu mahindi. Andika kwenye daftari lako, na jina langu na jina lako. Tukikosea, tukosee wote wawili."

Niliandika, Mwalimu Issa akashuhudia.

Msimu ule mvua ilikuja mapema, haikukatika Februari kama ilivyozoea, na Mwalimu alinitumia namba kubwa ambazo safari hii nilizipigia simu moja moja kuuliza. Zilikuwa za kweli. Mahindi ya Kolo yalizaa kuliko miaka mingi. Uwele ulishambuliwa na ndege wa kwelea kwelea ukaisha. Mwezi wa Juni basi la Kondoa lilileta kiroba cha mahindi kituoni, kimeandikwa jina langu. Kondakta alinikabidhi, akasema ameagizwa na Bi Zuhura anifikishie ujumbe kama ulivyo.

"Amesema, mwambie tumekosea nusu tu."